Kutoka Ugali Hadi DNA: Mwili Wako Ni Minyororo Tupu, na Herufi Moja Ikikosewa Ni Ngori

Kila wiki lazima kuwe na drama ya DNA. Msee fulani maarufu anakana mtoto, dem anaanika risto yote mtandaoni, mawakili wanaingia, na mwisho wote wanaambiwa watulie wangoje majibu ya maabara. Tunaipenda hiyo drama, hatutakudanganya, ndiyo inatulipia keja. Lakini ushawahi kujiuliza hiyo DNA yenyewe ni kitu gani? Odijo wa bayo aliichora ubaoni ikakaa ngazi iliyosokotwa, ukaikariri ya kupita mtihani, na siku ya kumaliza shule ukaiacha huko pamoja na yunifomu.

Leo tunairudia, lakini tutafika huko tukipitia kwa sahani yako, juu DNA ina ndugu na wengine unawala kila siku.

Iko hivi. DNA ni mnyororo. Ugali ulioudishi jana ni minyororo. Nywele zako, kucha zako, ile misuli unapigia picha kwa kioo cha gym, ata ile tishati ya pamba ulitoa Gikomba, yote ni minyororo. Uhai hauna mbinu nyingi hapa: unachukua vipande vidogo vya aina chache, unavifunga kimoja kwa kingine kama shanga, na kutoka hapo unapata mti, kuku ama wewe. Kinachobadilika ni shanga gani, zimepangwa vipi, na fundo limefungwa upande gani. Wanasayansi huita mnyororo wa aina hii polima. Na kuna polima moja kwa damu ambayo kosa la shanga moja tu linaweza kumfanya mtu aumwe maisha yake yote. Hiyo tutaifikia, na damu ya Wakenya iko ndani ya hiyo risto, simaanishi kwa mafumbo.

Ugali na nyasi ni ndugu wa tumbo moja

Fanya hii leo jioni. Chukua tonge la ugali, bila mboga, bila supu. Tafuna polepole dakika moja ama mbili bila kumeza. Utaona linaanza kuwa tamu kwa mbali. Hakuna mtu ameweka sukari kwa sufuria. Sukari ilikuwa ndani kitambo, imefungwa. Wanga wa mahindi ni molekuli za glukosi, mamia hadi maelfu, zimeshikana mikono. Zikiwa zimeshikana hivyo ulimi wako hauzitambui kama utamu. Mate yako yana kimeng'enya kinaitwa amilesi, na kazi yake ni kuwa mkasi. Kinakata mnyororo vipande vifupi vya sukari, ulimi unashtuka, "kumbe nyinyi ndio mlikuwa mmejificha hapa."

Sasa vile fundo linafungwa ndio ujanja wenyewe. Kila glukosi mbili zikishikana, molekuli moja ya maji inatoka. Ukitaka kuziachanisha, unairudisha hiyo molekuli ya maji. Kutoa maji kufunga, kuingiza maji kufungua. Basi. Protini zinafungwa hivyo, DNA pia, ata mafuta. Mwili unafunga na kufungua mafundo kama hayo mchana na usiku, na kimeng'enya kiko hapo kuharakisha mambo, juu bila kimeng'enya ungengoja tonge moja liyeyuke hadi wajukuu wako wazeeke.

Halafu cheki nyasi. Nyasi, mbao, majani ya sukuma wiki, pamba ya hiyo tishati: sehemu kubwa ya hivyo vitu ni selulosi. Na selulosi ni nini? Glukosi. Ileile. Shanga ni zilezile kabisa, ni fundo tu limefungwa tofauti: glukosi moja imekaa wima, inayofuata imegeuzwa juu chini, inayofuata wima tena. Hiyo geuza-geuza inanyoosha mnyororo uwe kama fimbo, fimbo zinalaliana, zinashikana, na unapata kitu kigumu cha kusimamisha mti. Amilesi yako ikifika hapo inakuwa kama ufunguo wa kufuli ya jirani. Haiingii. Ndio maana unaweza kufa njaa ukiwa katikati ya shamba la nyasi lenye glukosi kuliko duka zima la ugali.

Ng'ombe naye hana uchawi, ata yeye hana huo mkasi. Ana mbogi ya bakteria na vijidudu vingine ndani ya tumbo lake kubwa, hao ndio wana mkasi, yeye amewapa tu keja na chakula. Mchwa waliomaliza mlango wa nyumba ya ushago wengi wao wanategemea mpango kama huo. Wewe sukuma wiki ukila, sehemu kubwa ya hizo nyuzi zinapita zikifagia njia, na hiyo pia ni kazi muhimu, muulize mtu yeyote ambaye ameishi kwa chipo na soda wiki mbili.

Kitu kingine cha jikoni kabla tusonge: ule ugali wa jana unakuwa mgumu hivyo mbona? Ukiusonga kwa maji moto, minyororo ya wanga inaachana na kunywa maji. Ukipoa, minyororo inaanza kurudi kwa laini, inajipanga tena na kubanana. Wanga uliojipanga hivyo ni kazi kidogo kwa mkasi wako, kwa hivyo ukiula baridi sehemu yake inapita bila kukatwa.

Mafuta tuyapitie mbio, juu hayo ni makubwa lakini si mnyororo wa shanga. Mikia mitatu imefungwa kwa kichwa kimoja, ndio hiyo. Mikia ikiwa imenyooka inapangana vizuri kama viti vya plastiki vya harusi, unapata mafuta magumu ya mkebe. Mikia ikiwa na kona haipangani, unapata mafuta ya maji ya chupa. Tumetoka hapo.

Protini: hapa ndio kuna ganji nyingi inapotea

Wanga una shanga ya aina moja. Protini ina aina 20, zinaitwa asidi amino. Na hapo ndipo mambo yanachangamka, juu ukiwa na herufi 20 unaweza kuandika karibu chochote. Mnyororo wa protini ukishafungwa, haukai umenyooka. Unajikunja wenyewe hadi uwe na umbo fulani, na umbo ndilo linaamua kazi. Kuna shanga zinapenda maji, hizo zinajitokeza nje. Kuna zile zinachukia maji kama mafuta, hizo zinajificha ndani. Kumbuka hiyo ya kupenda na kuchukia maji, tutaihitaji.

Umbo likiharibika, kazi imeisha. Yai boilo ni hiyo tu. Ute wa yai ni maji kwa karibu 90%, na nyingi ya inayobaki ni protini zilizojikunja vizuri. Moto unazikunjua, zinashikana ovyo ovyo kama waya za earphones ndani ya mfuko, na zinanasa maji yote katikati. Shanga hazijakatika, mpangilio ni uleule, ni umbo limepotea. Kulirudisha? Wewe jaribu kupoza yai boilo uone kama litarudi ute.

Sasa, kuna watu wanauza kolajeni. Kolajeni ni protini ya kweli, ndiyo inashikilia ngozi yako, mifupa na viungo. Kuna ya kupaka na kuna ya kunywa. Ile ya kupaka: kolajeni nzima ni molekuli kubwa sana, haipenyi ngozi. Inakaa juu, inashika unyevu, ngozi inang'aa kidogo, unaoga, imeenda. Ile ya kunywa: ikifika tumboni inakutana na mikasi kama protini nyingine yoyote, inakatwa hadi asidi amino na vipande vifupi, na mwili unaamua vitaenda wapi. Hakuna barua imeandikwa "peleka kwa mashavu". Hatusemi usinunue, doh ni yako. Tunasema tu kwamba mwili hauoni lebo.

Vivyo hivyo kwa poda za gym. Shanga iliyotoka kwa ndengu na shanga iliyotoka kwa mkebe wa bei mbaya, zikishakatwa, ni kitu kimoja. Tofauti ni kama umepata aina zote unazohitaji, juu kuna aina 9 ambazo mtu mzima hawezi kujitengenezea, lazima azile. Mahindi yana upungufu wa moja inaitwa laisini. Maharagwe yana laisini ya kutosha lakini yana uchache wa methionini, na mahindi yanajaziliza hapo. Kwa hivyo yule shosho aliyechanganya mahindi na maharagwe akaita githeri alikuwa amefunga hesabu ya asidi amino kabla kuwe na maabara. Chapo ndengu ni hesabu ileile.

Kwa saluni nako, mresh wangu, kuna kemia inaendelea kwa kichwa chako kila mwezi. Nywele ni protini inaitwa keratini. Minyororo yake inashikiliwa na vifungo vya aina mbili tunavyojali leo. Kuna vidogo, dhaifu, vingi sana, ambavyo maji na joto vinavifungua. Blodrai na pasi zinacheza na hivyo: joto linavifungua, unanyoosha, vinafungika upya nywele zikiwa zimenyooka. Halafu mvua ya Nairobi inanyesha bila ilani, maji yanaingia, vifungo vinaachia, na nywele zinarudi vile zilikuwa, mia tano imeenda na maji kihalisi. Aina ya pili ni vifungo vya salfa, na hivyo si mchezo. Maji hayavifungui. Rilaksa inavivunja kwa kemikali kali ya alkali, na ndio maana mvua hairudishi nywele zenye rilaksa, lazima ungoje zimee upya. Ndio maana pia inachoma. Ngozi ya kichwa nayo ni protini, na hiyo kemikali haijui kutofautisha. Ukiskia moto, sema mapema, wacha kungoja kwa ujasiri.

DNA: ni daftari tu

Sasa tumefika. Mwili unajuaje protini gani itengenezwe, na shanga gani ifuate gani? Imeandikwa. DNA ni mnyororo pia, wenye shanga za aina 4 pekee, zinaitwa kwa herufi A, T, G na C. Ile ngazi ya odijo ni minyororo miwili inayotazamana, A ikishika T, G ikishika C. Kwa binadamu ni jozi kama bilioni 3, mara mbili, juu unapata daftari moja kwa mama na lingine kwa baba. Ukinyoosha DNA yote ya seli moja unapata kama mita 2, na imekunjwa ikaingia mahali huwezi kupaona bila hadubini.

Kipimo cha mtoto ni wa nani hakisomi herufi zote bilioni. Kinaangalia sehemu chache, kama 20 hivi, ambapo vipande vifupi vya herufi vinajirudia-rudia, na idadi ya kurudia inatofautiana kati ya mtu na mtu. Kila sehemu, mtoi lazima awe na moja ya mama na moja ya baba. Zikikataa kulingana mahali kadhaa, huyo si baba. Haina hasira, haina upendeleo, na haijali nani ana wafuasi wangapi.

Lakini kazi ya kweli ya DNA si kesi za watoto. Herufi tatu-tatu ni amri: weka shanga hii, halafu hii, halafu hii. Seli inatoa nakala, inaipeleka kwa kiwanda, na protini inafungwa shanga baada ya shanga. Na hapa ndipo herufi moja inaingiza mtu kwa shida.

Herufi moja

Damu ni nyekundu juu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Seli moja nyekundu ina himoglobini karibu milioni 270. Kila moja imeundwa na minyororo minne: miwili ya shanga 141, na miwili ya shanga 146. Kwa ule wa 146, shanga ya sita ni asidi glutamiki. Amri yake kwa DNA ni GAG. Kwa watu wengine hiyo A ya katikati ni T. GTG. Shanga ya sita inakuwa valini.

Herufi moja. Lakini kumbuka ile ya kupenda na kuchukia maji? Asidi glutamiki inapenda maji. Valini inayachukia, na imekaa nje ya himoglobini, mahali maji yapo. Himoglobini ikishaachilia oksijeni inabadilika umbo kidogo, na ile valini inapata mahali pa kujificha: ndani ya kishimo cha himoglobini jirani. Ya jirani nayo inajificha kwa nyingine. Himoglobini zinajipanga nyuzi ndefu ngumu, nyuzi zinasukuma kuta za seli, na seli ya mviringo inakuwa kama mundu wa kukatia nyasi. Hizo seli hazipindiki, zinakwama kwa mishipa midogo, na popote zinapokwama ni maumivu ambayo anayeyajua hataki kuyaeleza. Seli ya kawaida inaishi kama siku 120. Hizi zinaishi kama 10 hadi 20, kwa hivyo damu inaisha haraka kuliko inavyotengenezwa. Huo ndio ugonjwa wa seli mundu. Hakuna chira hapo, hakuna kurogwa, hakuna mtu alikanyaga dawa.

Aliyegundua ni shanga gani iliyobadilika ni Vernon Ingram, akiwa Cambridge, mwaka wa 1956. Lakini swali lililobaki lilikuwa tamu zaidi: kitu kinachoumiza watu hivi, mbona hakijaisha? Mbona kiko kwa wengi? Na hapo ndipo Kenya inaingia. Anthony Allison, mzungu aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, mwaka wa 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja huku, akazunguka akikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Alipopanga majibu, picha ilijichora yenyewe. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, waliobeba hiyo herufi walizidi mtu 1 kwa kila 5. Huko juu milimani kwenye baridi, karibu hakuna. Sasa jiulize ni nini kiko Kisumu na Kilifi, lakini hakipendi baridi ya milimani.

Mbu. Mwaka wa 1954 Allison alichapisha jibu: mtu aliye na nakala moja ya herufi hiyo na nakala moja ya kawaida, yaani AS, anakingwa na malaria. Si kwamba hapati, lakini ile malaria kali ya kuua inampita. Utafiti wa baadaye kwa watoto wa Kilifi ulionyesha kinga ya karibu 90% dhidi ya malaria kali. Kwa hivyo kwa maelfu ya miaka, pahali penye mbu, mtoto mwenye S moja alikuwa na nafasi nzuri ya kuishi hadi azae. Bei yake ilikuwa inalipwa na mtoto aliyepata S mbili.

Na hii ndiyo sehemu inakuhusu wewe uliye na miaka 22 na uko kwa mahusiano. Mtu wa AS mara nyingi hana dalili yoyote. Anacheza boli, anapiga kazi, hajui. Wawili wa AS wakipatana, kila mimba ina nafasi ya 25% ya mtoto SS, 50% ya AS kama wao, na 25% ya AA. Kila mimba, si kwamba mkipata mmoja SS basi watatu wanaofuata wako salama. Hizo dadu zinarushwa upya kila mara. Na mtoto wa SS amepata S kwa pande zote mbili. Kwa hivyo yule baba anayehepa hosi akisema "huu ugonjwa ni wa kwenu," amebeba nusu yake kwa damu yake mwenyewe. Kipimo ni cha damu, kinaangalia aina ya himoglobini, na unakifanya mara moja tu maishani juu jibu halibadiliki. Watu wengi wanaulizana sana kuhusu nyota za kuzaliwa na hawajui kama ni AA ama AS.

Akina mathe wenye watoto wa SS huona kitu cha ajabu: mtoto anazaliwa fiti, na shida inaanza akifika miezi kadhaa. Sababu ni kwamba tumboni mtoto hatumii ule mnyororo wa 146 wenye kosa. Ana himoglobini ya utotoni, yenye mnyororo mwingine kabisa, na hiyo haina valini ya kuleta balaa. Baada ya kuzaliwa, mwili unaizima pole pole na kuwasha ile ya utu uzima. Wanasayansi wakaona: si basi tuirudishe hiyo ya utotoni? Dawa inaitwa haidroksiurea, ambayo ni vidonge vya kumeza kila siku, inafanya hivyo kwa kiasi, na kwa wengi inapunguza yale mashambulizi ya maumivu. Inatakiwa daktari afuatilie damu, si ya kujinunulia tu.

Na mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha matibabu yanaitwa Casgevy. Wanatoa seli zako za kutengeneza damu, wanaingia kwa DNA na mkasi wa CRISPR, na cha kushangaza, ile herufi iliyokosewa hawaigusi. Wanachokata ni swichi inayozima himoglobini ya utotoni. Swichi ikiharibika, ile ya zamani inawaka tena, na S inabaki imeandikwa palepale ikiwa imefunikwa tu. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Pale pwani na kando ya ziwa, ambapo Allison alikuta hiyo S kwa wengi, daktari bado anaandika vidonge vya haidroksiurea, asidi foliki, maji mengi na usilale kwa baridi.